Pampu tulivu ya tangi la matumbawe: ya lita 4000 au ya lita 8000?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina tangi la matumbawe la lita 300 sebuleni, na chini yake, ndani ya kabati, kuna sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji yanayoshuka. Kutoka uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya tangi ni mita 1.4. Pampu yangu ya AC, ya umeme wa ukutani moja kwa moja, inanguruma usiku kucha na haina namna ya kupunguza kasi. Nataka ya DC, inayopata umeme kupitia adapta, yenye kidhibiti cha kasi, na nimeona mbili: moja imeandikwa lita 4000 kwa saa na kimo cha mita 3, nyingine lita 8000 na kimo cha mita 5. Wapo wanaoniambia ninunue kubwa kisha niipunguze, wapo wanaosema nitachoma umeme bure. Bomba la kupandishia maji ni la milimita 20. Nichukue ipi, na kweli nitapata utulivu?

Jibu: Kati ya hizo mbili chukua ya lita 8000, kwa sharti kwamba mabomba yako ya kushushia maji yanaweza kuyameza yote pampu ikienda kasi ya mwisho. Ukipata ya katikati, lita 6000 hivi na kimo cha mita 4, mimi ningeichukua hiyo na kuziacha zote mbili. Ila ukiifunga pampu mpya kwenye bomba lile lile la milimita 20, ndani ya kabati lile lile, huenda usiku wa kwanza ukasikia kelele zile zile. Hesabu nitaziweka wazi ili uzipime kwa tangi lako mwenyewe.

Tuanze na kiasi cha maji unachohitaji, maana hapo ndipo wengi wanapojizidishia mzigo. Zamani wafugaji wa matumbawe walilenga maji ya tangi yapite kwenye sampu mara kumi kwa saa au zaidi, kwa sababu pampu ya kurudisha, ile inayopandisha maji kutoka sampu, ndiyo iliyokuwa pia inayavuruga maji ndani ya tangi. Siku hizi kazi ya kuyapa matumbawe mkondo ni ya pampu za mawimbi zinazobandikwa kwenye kioo cha tangi lenyewe. Hizo husukuma maji mengi kwa umeme kidogo, kwa kuwa haziyapandishi popote. Pampu ya kurudisha imebaki na kazi chache: kupeleka uchafu kwenye skima (chombo kinachoutoa kwa povu), kurudisha joto la hita, kuingiza hewa, na kuufanya utando wa mafuta ulio juu ya maji uteremke. Kwa kazi hizo, mara tatu hadi tano kwa saa zinatosha.

Kuna wanaohofia kwamba mzunguko mdogo utaliacha tangi baridi huku sampu ikichemka. Pima mwenyewe: hita ya wati 300 ikiwaka mfululizo kwenye sampu, na pampu ikipandisha lita 900 tu kwa saa, maji yanayopanda yatazidi joto la yale yaliyoshuka kwa takriban nyuzi 0.3 za Selsiasi. Samaki hata hatajua. Kwako basi tuseme lita 1200 hadi 1500 kwa saa. Nitatumia 1500 ili tuwe na nafasi.

Sasa hayo maandishi ya kwenye boksi. "Lita 4000, mita 3" ni namba mbili ambazo pampu haizitoi kamwe kwa wakati mmoja. Lita 4000 hupatikana pale ambapo pampu haipandishi maji hata kidogo. Mita 3 ni pale ambapo maji yamepanda yakafika mwisho wa nguvu yake yakasimama, na hakuna hata tone linalotoka. Pampu yako itafanya kazi mahali fulani kati ya ncha hizo mbili, na mahali hapo panaonekana kwenye grafu ya mtengenezaji tu: lita upande mmoja, kimo upande wa pili. Pampu isiyotolewa grafu, mimi huwa siulizi hata bei yake.

Na kimo chako si mita 1.4. Hizo ni za kupandisha peke yake. Juu yake ongeza upinzani wa bomba, wa kila elbo, na wa mdomo wa kutolea maji. Hapa ndipo bomba lako linapokuumiza. Lita 1500 kwa saa zikipita kwenye nafasi ya milimita 20 zinakimbia mita 1.3 kwa sekunde. Kwenye milimita 25 zinakimbia mita 0.85. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kasi ikiongezeka mara mbili upinzani unaongezeka karibu mara nne. Kwa bomba la mita 2 hivi lenye elbo tatu na mdomo wa kawaida, upinzani utakula takriban sentimita 75 kwenye nafasi ya milimita 20, na takriban sentimita 30 kwenye 25. Karibu nusu mita ya nguvu ya pampu unaiokoa kwa kubadilisha plastiki tu.

Nimesema "nafasi" kwa makusudi. Ukubwa unaoandikwa kwenye mabomba mengi ya PVC ya kuunganisha kwa gundi ni wa nje. La milimita 20 lenye ukuta wa kawaida huwa na milimita 17 hivi ndani, na la 25 huwa na 21. Kwa hiyo ukitaka nafasi ya 25 kwa kweli, nunua la 32. Pampu nyingi zina mdomo mdogo kuliko huo. Funga kiungo cha kupanulia karibu na pampu na uendelee na bomba pana hadi juu. Kona ya nyuzi 90 igeuze iwe mbili za 45 penye nafasi, au tumia mpira laini unaojipinda polepole. Tukifanya hivyo, kimo chako halisi kwa lita 1500 ni kama mita 1.7. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwenye grafu.

Sasa kasi, na hapa ndipo ushauri wa "nunua kubwa uipunguze" unapokuwa na ukweli nusu. Pampu hizi zote ni za sentrifuga, na zina sheria ambayo haibadiliki kwa jina la kampuni: ukipunguza kasi ya impela, ile feni ndogo ya ndani inayosukuma maji, lita zinapungua kwa kiwango hicho hicho, kimo kinapungua kwa mraba wake, na umeme kwa kipeo chake cha tatu. Kasi ikiwa asilimia 70, lita zinabaki asilimia 70, kimo asilimia 49, umeme asilimia 34.

Itazame pampu yako ya mita 3 kwa jicho hilo. Kwa kasi ya asilimia 70 kimo chake cha mwisho ni mita 1.47, na wewe una mita 1.4 za kupandisha kabla hata ya kugusa upinzani. Ukishuka hadi asilimia 68 maji yatasimama ndani ya bomba, impela ikizunguka bure. Theluthi mbili za kitufe chake hazina kazi kwako. Ili ikupe lita 1500 itabidi iende kati ya asilimia 85 na 95 ya kasi, kutegemea umbo la grafu yake. Yaani umenunua pampu ya kurekebishika ambayo hairekebishiki, na chokaa ikianza kujenga kwenye impela huna pa kuongezea.

Ile ya mita 5 inakata maji kwenye asilimia 53 hivi, na lita 1500 itakupa ikiwa kati ya asilimia 60 na 70. Ya katikati, yenye mita 4, itakaa kwenye 70 hadi 80. Hapo pana nafasi ya kushuka wakati wa kulisha na nafasi ya kupanda bomba likichafuka. Haya ni makadirio, na umbo la grafu ndilo litakaloyasogeza huku au kule. Kumbuka pia kwamba asilimia inayoonyeshwa na kidhibiti si lazima iwe asilimia ya kasi ya impela. Kila mtengenezaji hugawa hatua zake anavyotaka. Kwa hiyo usishangae jirani yako mwenye pampu ya jina lingine akikwambia yake iko kwenye "40" na inasukuma vizuri.

Kuhusu kuchoma umeme bure: tuseme ile kubwa imeandikwa wati 60 na ndogo wati 25. Kubwa ikienda asilimia 65 itatumia, kwa sheria ile ile, wati 17 hivi; ndogo ikienda asilimia 90, wati 18. Kwenye uhalisia zote zitazidi kidogo, kwa sababu adapta na kidhibiti navyo vinakula chao, lakini hakuna tofauti ya kukunyima usingizi. Wanaokuonya nadhani wanafikiria pampu za AC. Hizo zinazunguka kwa kasi iliyofungwa na umeme wa nyumbani, kwa kawaida mizunguko 3000 kwa dakika kwenye umeme wa Hz 50 na 3600 kwenye Hz 60, na njia pekee ya kuzipunguza ni kukaba maji kwa valvu huku injini ikienda vile vile. Hapo kweli, ukubwa wa ziada ni hasara. Na kwa kuwa pampu imezama, karibu wati zote inazokula zinaishia kuwa joto ndani ya maji. Mwenye tangi linalopata moto kupita kiasi ana sababu ya pili ya kupenda kasi ndogo.

Ukilazimika kuikaba pampu yoyote, kaba upande wa kutolea. Usikabe kamwe upande wa kunyonyea. Pampu iliyonyimwa maji ya kunyonya hufanya vipovu vinavyopasuka juu ya impela, inatoa mlio kama kokoto, na inajila yenyewe. Chujio la mdomo lililozibwa na mwani huleta balaa hilo hilo pole pole, kwa hiyo ukisikia kokoto anza kuangalia huko.

Twende kwenye kelele zenyewe. Mngurumo wa pampu yako ya AC una asili mbili. Wa kwanza ni wa sumaku: nguvu ndani ya injini hupiga mara mbili ya mzunguko wa umeme, yaani mara 100 au 120 kwa sekunde, na huo hauondoki ila unapunguzwa. Wa pili ni wa uchakavu: shafti iliyokwanguka, mpira wa kushikia shafti uliolegea, chokaa kati ya impela na nyumba yake. Huu unaondoka. Kabla hujatoa hela, fungua pampu ya zamani, iloweke kwenye siki au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, sugua, suuza, ikaze tena uisikilize. Pampu nzuri za AC, mathalani za Eheim au Sicce zilizotunzwa, zinaweza kuwa tulivu kuliko DC ya ovyo. Kama tatizo lilikuwa chokaa tu, utakuwa umebaki na hitaji la kurekebisha kasi peke yake, na hilo halina haraka.

DC nayo si kimya kwa sababu tu ni DC. Ndani yake ni injini isiyo na brashi, na kidhibiti ndicho kinachozipa koili zake umeme kwa zamu. Kidhibiti cha bei nafuu huzipa kwa vipande vya ghafla, na matokeo yake ni mlio mwembamba wa juu, ambao masikio ya usiku huushika haraka kuliko mngurumo. Kile kizuri huzipa kwa wimbi laini la sine, na tofauti unaisikia dakika ile ile. Tafuta maneno hayo kwenye maelezo ya pampu. Ukipata nafasi ya kuisikia ikifanya kazi, omba iwekwe kwenye kasi utakayoitumia wewe, ndani ya maji, ikipandisha maji. Pampu nyingine zina hatua moja au mbili zinazopiga filimbi na nyingine zote ni shwari. Namba za desibeli kwenye boksi zisikupumbaze: bila kuambiwa zimepimwa umbali gani na pampu ikiwa na mzigo gani, hazilinganishiki na chochote. Kusogeza kipimo nusu ya umbali pekee kunaongeza desibeli kama 6.

Hata pampu tulivu, ikigusa kabati, kabati hugeuka ngoma. Isigusane moja kwa moja na sakafu wala kuta za sampu. Iweke juu ya miguu yake ya mpira na kipande kinene cha silikoni. Kati ya mdomo wa pampu na bomba gumu weka angalau sentimita 15 hadi 20 za mpira laini wa silikoni, ili mtetemo uishie hapo. Bomba likipita kwenye tundu la kabati, tundu liwe kubwa kuliko bomba. Sampu yenyewe ikae juu ya zulia la povu. Mara nyingi mtu analalamikia pampu wakati kinacholia ni mlango wa kabati au mfuniko wa skima. Weka kiganja, bonyeza kitu kimoja kimoja. Kelele ikikatika umempata mkosaji.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza, nami ningeliweka mbele ya yote: maji yanayoshuka. Zima pampu yako ya sasa usiku, subiri maji yatulie, kisha iwashe na usikilize kipi kinaanza kwanza. Kama kelele kubwa ni ya kugugumia, ya bomba kumeza maji na hewa kwa pamoja, pampu mpya haitakusaidia lolote. Bomba moja lenye kipumulio, lile la mtindo wa Durso, linaweza kutulizwa kwa kiasi, lakini ni gumu kulinyamazisha kabisa maji yakiwa mengi. Mtindo wa Herbie una mabomba mawili: moja limejaa maji tupu bila hewa na lina valvu ya kulikaba, la pili ni la dharura. BeanAnimal una matatu: la kujaa, la kupokea mchirizi wa ziada, na la dharura. Bomba linalojaa maji tupu ndilo lisilotoa sauti. Likabe kwa valvu ya geti, ile inayofunguka kwa kuzungusha mara nyingi. Koki ya robo mzunguko ni ngumu kuisawazisha kwa usahihi unaohitajika hapo.

Hapa pampu ya kurekebishika inalipa kweli. Unachagua kasi, unakaba valvu hadi bomba kuu linyamaze, unarudi kwenye pampu kuongeza au kupunguza hatua moja, na baada ya hapo unaiacha. Kwenye Herbie kila mabadiliko ya kasi yanavuruga usawa huo, kwa hiyo usiinunue DC ukidhani utakuwa unacheza na mawimbi kila siku. BeanAnimal inavumilia zaidi, kwa kuwa lile bomba la pili linachukua kinachozidi. Na ndiyo maana ya sharti nililoanza nalo: kidhibiti kikiharibika, au mtoto akibonyeza, ile pampu kubwa itajaribu kupandisha maji yote inayoweza. Ijaribu kwa kasi ya mwisho mchana, ukiwa umesimama hapo, bomba kuu ukiwa umeliziba kwa mkono. Bomba la dharura peke yake lisipoweza, na maji yakapanda kuelekea ukingo wa kioo, pampu hiyo ni kubwa mno kwa tangi lako na uchukue ya lita 6000.

Kwenye kidhibiti mimi huangalia mambo machache. Umeme ukikatika na kurudi, kinakumbuka kasi uliyoiweka, au kinasubiri ubonyeze? Kinachosubiri sikitaki. Kinaizima pampu maji ya sampu yakiisha? Kina kitufe cha kulisha kinachosimamisha pampu kwa dakika kadhaa na kuiwasha chenyewe? Kuwashwa taratibu ni faida pia, kwani maji hayapigi bomba kwa ghafla. Tundu la volti 0 hadi 10 la kuunganisha kompyuta ya tangi ni la wanaoihitaji tu. Kidhibiti kifungwe nje ya kabati lenye unyevu wa chumvi, au juu kabisa, na waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone lisiufuate hadi ndani. Uliza pia kama impela na shafti vinauzwa peke yake. Shafti iwe ya kauri, na pasiwe na shaba wala chuma popote panapogusa maji. Shaba huua matumbawe na kamba.

Mwisho kabisa, jaribio la kuzima. Pampu ikisimama, maji ya tangi hurudi kwa sifoni, yaani hujivuta yenyewe kushuka, kupitia bomba lile lile la kupandishia hadi mdomo wake upate hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 50 linashusha lita 6 kwa kila sentimita moja, kwa hiyo mdomo uliozama sentimita 3 unashusha lita 18, bado maji ya kwenye sanduku la kufurikia, lile ambamo maji ya tangi huingia kabla ya kushuka. Weka mdomo karibu na uso wa maji, toboa tundu dogo la kuvunja sifoni chini kidogo ya uso, na ulisafishe maana konokono hupenda kulala humo. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi. Ganda moja la chokaa linatosha kuiacha wazi. Zima pampu, subiri maji yaache kushuka, na uangalie sampu imebakiza nafasi kiasi gani. Kisha iwashe, ikitulia chora mstari kwenye kioo cha sampu ukiandika "mwisho", na usijaze maji kupita hapo.